Kengele ya Tangi la Nyamyumba

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni nilikuwa na kiburi ambacho leo nikikikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa nasoma uhandisi wa elektroniki na habari katika chuo kipya cha Kigali, mwaka wa pili, na darasani wasichana tulikuwa wawili tu. Nilipopanda basi la kurudi Gisenyi, mji wetu wa mpakani na Kongo, kwa likizo, nilihakikisha kitabu cha saketi kimekaa mapajani, jalada likimtazama abiria wa pembeni. Mtu asiponiuliza nasoma nini, nilimuuliza yeye anafanya kazi gani, ili adabu imlazimishe kunirudishia swali. Wengi walirudisha. Mzee mmoja aliniuliza kama nitaweza kutengeneza redio yake, nikamjibu kwamba sisi hatutengenezi redio, tunazibuni. Mungu anisamehe.

Lakini kiburi hicho sikukiokota njiani. Shule yote niliisoma ng'ambo, Goma, kwa Kifaransa, na chuoni walitukalisha mwaka mzima kujifunza Kiingereza kabla hatujagusa hata waya. Waliorudi kutoka Uganda walikizungumza tangu utotoni, na sisi wa Kongo tuliposoma kwa sauti walijifunika midomo. Siku ya kwanza mwalimu aliposema kwa Kiingereza tuunganishe waya na ardhi, mimi nilitazama sakafuni, kwa sababu ardhi hiyo ya saketi kwa Kifaransa nilikuwa naiita jina jingine kabisa. Darasa zima likaangua kicheko. Niliapa kwamba watanicheka kwa matamshi, lakini kwa hesabu hawatanicheka, na muhula wa pili ulipofika wale wale walikuwa wananitafuta niwaeleze transista inavyofanya kazi. Niliwaeleza, tena kwa Kiingereza kilichovunjika vibaya, na walielewa.

Nyumbani tulikuwa mimi na mama. Baba aliaga dunia tukiwa bado ng'ambo, na tuliporudi Rwanda mama aliendelea na kazi aliyoijua: kuvuka. Kila asubuhi alipita Petite Barrière, kizuizi cha mpakani wanapovukia watembea kwa miguu, na beseni la sambaza wakavu, dagaa wa ziwa letu, na vitunguu, akauza Goma, na jioni akarudi na vitenge, sabuni na vikorokoro alivyoagizwa na majirani. Alikuwa ameishia darasa la tatu. Kinyarwanda tulikitumia kwa sala na kwa kugombezana, na mengine yote tuliyasema kwa Kiswahili cha Goma, kile ambacho wanafunzi waliorudi kutoka Tanzania walidai kinawaumiza masikio.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa na mtu. Kitu kilichovuka mpaka hakikuingia ndani ya nyumba kabla hakijaoshwa. Kipindupindu kilipopita Goma kilimchukua mdogo wake, mama yangu mdogo, kati ya asubuhi na magharibi ya siku moja, na mama alikuwa amemshika mkono. Tangu siku hiyo aliosha kila kitu: nyanya, viatu, sufuria mpya, vitenge ambavyo bado vilikuwa na gundi ya dukani. Alitumia sabuni ya kufulia na maji ya mvua aliyoyachemsha, kisha akavianika vitu juu ya ukuta wetu wa mawe meusi ya volkano. Majirani walimtania kwamba siku moja ataosha hata kuku akiwa hai. Mimi sikumtania, kwa sababu nilijua anamwosha nani.

Basi mwaka huo chuo kilitutuma kwenye stage, mafunzo ya kazini. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute mahali, akae wiki nane, atengeneze kifaa kinachotatua shida ya kweli, na wiki ya nane ikiisha mwalimu aje akione kikifanya kazi. Kisipofanya kazi unarudia mwaka, na serikali haikumlipia masomo anayerudia. Kwa mtoto wa mwanamke anayevuka na beseni, maana yake ni kwamba chuo kimekwisha. Nilipanga vizuri nisikose. Nilichagua kituo kimoja cha afya huko Nyamyumba, kusini mwa mji, kando ya ziwa, kwa sababu shida yao ilikuwa inanisubiri mimi.

Kituo kilikuwa na tangi la maji juu ya kilima na pampu chini. Aliyewasha pampu hakuweza kuliona tangi. Akichelewa kuizima, maji yanafurika na kumomonyoa shamba la migomba la jirani, na jirani anashuka na maneno. Akiwahi kuizima, wodi ya wazazi inakaukiwa kabla ya saa sita mchana, na mwanamke aliyejifungua anaogeshwa kwa maji ya jagi. Muuguzi mkuu wa kituo, mama mnene mwenye sauti ya upole, alinionyesha yote hayo siku ya kwanza, kisha akaniambia, "Mutoto yangu, kama unaweza kufanya hii maji itusikilize, tutakuombea mpaka uolewe." Nilimwambia maombi ya ndoa yasubiri, aniombee shahada kwanza.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi kukieleza. Fimbo mbili za chuma zinaning'inia ndani ya tangi, karibu na mdomo. Maji yakipanda na kuzigusa zote mbili, umeme kidogo sana unapita majini kutoka fimbo moja hadi nyingine. Transista zinaukuza umeme huo, swichi inajivuta yenyewe, pampu inazimika na kengele inalia chini kituoni. Nilikichora kwenye karatasi ya mraba kwa kalamu mbili za rangi, nikamwonyesha mama mchoro huo kama mtu anayeonyesha cheti cha ubatizo. Akaushika kwa ncha za vidole. Akaniuliza kengele italia mara ngapi, nikamwambia mara moja, na hilo likamridhisha.

Kulehemu nilikuwa hodari, hilo nalisema bila haya. Chuoni walitupa waya wa risasi ulio na dawa yake ndani, unayeyuka na kushika bila shida, na kazi ikiisha unaiacha hivyo hivyo. Mimi nilibeba kipande kifupi, kikaisha wiki ya pili. Mama akaninunulia mwingine Goma, kwa fundi redio mmoja wa sokoni, na fundi huyo akamwongezea kopo dogo la mafuta ya manjano, mazito, ya kupaka kabla ya kulehemu. Ndiyo wanayotumia kuzibia sufuria na matangi ya magari. Nikapaka. Risasi ilikimbia na kung'aa kuliko ile ya chuoni, nikafurahi, nikapaka zaidi. Kila kiungo kilimeta, na nilikigeuza kibao changu cha saketi huku na huku kwenye mwanga wa dirisha nikijisifu moyoni.

Wiki ya tano nikakifunga kituoni. Mchana ule kilifanya kazi bila kosa. Maji yalipanda, kengele ikalia, pampu ikanyamaza, na wauguzi wakapiga makofi. Nilirudi mjini nikiwa nimenyoosha shingo.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta muuguzi mkuu amenisubiri mlangoni na ndoo tupu. "Mutoto yangu," akasema, "hii kengele yako inasema maji iko. Mi nimepanda kule juu, nimechungulia. Maji haiko."

Na kweli haikuwapo. Tangi lilikuwa kavu, kengele inalia, pampu imegoma. Nikakichunguza kifaa saa nzima bila kupata kitu, na jua lilipopanda kikapona chenyewe. Mchana kilikuwa sawa. Kesho yake asubuhi kikarudia uongo ule ule. Wiki tatu nilizunguka nalo tatizo hilo. Nilibadilisha transista, nikabadilisha waya, nikazishusha fimbo na kuzipandisha, nikalilaumu shirika la umeme, nikamlaumu fundi wa Goma kwamba ameniuzia transista zilizokwisha chakaa. Katika daftari la stage niliandika kila siku kilichotokea, na kurasa hizo ukizisoma leo unaona mwandiko ukizidi kuwa mkali. Kituoni walianza kukikata kifaa changu kila asubuhi na kuendesha pampu kama zamani. Jirani wa migomba alirudi na maneno yake. Muuguzi mkuu hakunisema hata mara moja, na upole wake ulinichoma kuliko angenitukana.

Jumamosi ya mwisho nilikileta kibao nyumbani. Mwalimu alikuwa amepanga kuja Jumatatu, saa mbili asubuhi, yaani saa ile ile ambayo kifaa kilikuwa hodari wa kusema uongo. Mama alirudi jioni kutoka ng'ambo na transista nyingine mbili amezifunga kwenye pembe ya kitenge.

"Bon, njo hizi?" akaniuliza, kama ndizo nilizotaka. "Ule fundi ameapa ni zenyewe. Angalia muzuri."

Nikazichukua kabla hajaziosha, nikazifunga, nikazilehemu kwa mafuta yale ya manjano, nikakiacha kibao mezani. Jumapili nikaenda misa ya kwanza kumwomba Mungu jambo ambalo nilikuwa nimeshindwa kulifanya mwenyewe.

Niliporudi nilikiona kabla sijafika mlangoni. Kibao changu kilikuwa juu ya ukuta wa mawe, katikati ya nyanya na ndala, kinachuruzika maji. Pembeni kulikuwa na beseni lenye povu na mswaki wa zamani. Mama alikuwa anafuta mikono, uso wake umechangamka kabisa, uso wa mtu aliyemaliza kazi iliyokuwa ikimkera kwa muda mrefu.

"Ilikuwa na mafuta mingi, inashika vumbi," akasema. "Na bile vitu vyote vilitoka Goma, ukaviingiza mu nyumba ovyo ovyo. Nimeosha na sabuni, nikasuuza mara tatu na maji ya kuchemsha. Mbona unaniangalia vile?"

Nilipanda mori. Sijawahi kumfokea mama kabla ya siku ile, na kwetu mtoto hamfokei mzazi hata akiwa na mvi. "Mama, umeniua!" nikapiga kelele, majirani wakasikia. "Hii si sufuria! Kesho mwalimu anakuja! Wewe haukusoma, hauwezi kuelewa!"

Uso wake ukafungwa. Hakulia wala hakunijibu kwa ukali. Alisema kwa Kinyarwanda, "Yego," ndiyo, kisha kwa Kiswahili, "Sikusoma." Akaingia ndani, akajifunga kitenge cha kanisani, akaondoka kwenda misa ya pili akiwa peke yake. Alirudi, akapika, akanipakulia, na siku nzima hakunisemesha zaidi ya yale yasiyoepukika. Nami sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba nina haki ya kukasirika, na maji yakimwagika hayazoleki, tena haya yalikuwa yamemwagika juu ya maisha yangu yote. Kibao nikakiacha juani mpaka alasiri, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya, kisha nikakifunga kwenye khanga na kukiweka.

Jumatatu mama alivuka mapema kuliko kawaida. Mimi nilipanda pikipiki hadi Nyamyumba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ukungu wa ziwa ulikuwa umeganda hadi barabarani, yaani hali ya hewa ambayo kifaa changu kiliichukia kuliko zote. Nilipanda kilimani, nikakirudisha kibao ndani ya sanduku lake, nikaunganisha nyaya, nikashuka kituoni. Muuguzi mkuu akawasha umeme.

Kengele haikulia. Pampu ikaanza kuvuta.

Tulisimama tukiitazama. Nilijua kwamba tangi ni tupu, na kwa mara ya kwanza katika asubuhi za wiki tatu kifaa nacho kilijua. Muuguzi mkuu akaniangalia, akafanya ishara ya msalaba.

Mwalimu alifika maji yakiwa bado yanapanda. Alikuwa mtu wa makamo, wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka na macho yake hayapitwi na kitu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akafungua daftari langu na kulisoma lote, huku pampu ikinguruma. Alikuwa kwenye kurasa za mwisho wakati kengele ilipolia na pampu ikazimika. Akatuma mtu kilimani, na huyo akarudi kusema tangi limejaa hadi kwenye fimbo, halijamwaga hata tone.

"Vizuri, binti," mwalimu akasema. "Lakini humu naona wiki tatu za kilio, halafu leo asubuhi mambo ni shwari. Ulifanya nini?"

"Niliisafisha saketi, mwalimu."

"Safi sana." Akatoa kalamu. Akafungua fomu ya alama juu ya goti lake. "Wengi hawalioni hilo. Ulifikiria nini hata ukaamua kuisafisha?"

Hapo ndipo niliponaswa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Neno moja la kisayansi, hata la kubabaisha, lingetosha, nami maneno hayo nilikuwa nayo tele. Muuguzi mkuu alisimama nyuma ya mwalimu ananitabasamia kwa fahari, na tabasamu lile likanikumbusha uso wa mama jana yake pale kwenye beseni, kabla sijaufunga. Nikaona wazi kwamba nikijipa sifa hii nitakuwa nimemfokea mara mbili.

"Si mimi niliyeisafisha," nikasema. "Ni mama yangu. Aliiosha jana kwa sabuni, nilipokuwa kanisani. Nami nikamfokea."

Kalamu ikasimama. "Aliiosha? Kwa maji?"

"Kwa maji ya mvua na mswaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vifaa vyake vilitoka Goma. Kila kitu kinachotoka Goma anakiosha."

Muuguzi mkuu akacheka kwa sauti, kisha akajishika mdomo. "Mwalimu, sisi wa hapa tunamwelewa," akasema. "Ule mwaka wa kipindupindu, kila mutu aliosha."

Mwalimu hakucheka. Akaifunika kalamu yake, akaiweka mfukoni, na moyo wangu ukashuka nayo. "Basi mama yako amemponya mgonjwa," akasema. "Wewe ndiwe unayesomea uhandisi. Niambie amemponya ugonjwa gani. Ukishindwa, hizi alama nitamwandikia yeye."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimekwisha kuyaanika yangu. Nilibaki na kichwa tu. Nikajiuliza kwa sauti, na nilijua mwalimu anasikiliza kila neno. Mama alitoa nini kwenye kibao? Vumbi? Vumbi lililokuwapo lilikuwa dogo. Transista hakuzigusa. Alitoa mafuta. Yeye mwenyewe alisema: mafuta mengi. Nikaenda kwenye mfuko wangu wa kazi, nikatoa kopo la manjano, nikapaka kidogo kwenye kipande cha ubao mtupu. Nikaweka ncha mbili za mita ya kupimia umeme juu ya mafuta, mbali kidogo moja na nyingine. Mshale haukusogea. Mwalimu akanyanyua nyusi. Nikainamia ubao ule, nikaupulizia pumzi yangu yenye joto, mara moja, mara mbili, kama mtu anayesafisha miwani.

Mshale ukapanda.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, nadhani ilikuwa Kifaransa. Kisha nikageuka na kueleza mfululizo, na hakuna siku nimewahi kueleza jambo kwa raha kama ile. Mafuta yale ni ya mabati na sufuria, yana tindikali, na yakipata unyevu yanapitisha umeme. Saketi yangu imeundwa isikie umeme mdogo kuliko wote, ule unaopita majini. Asubuhi ukungu wa ziwa unaingia kwenye sanduku, mafuta yananyonya unyevu, umeme unapita kwenye mafuta badala ya kupita tangini, na transista zinaamini kwamba maji yamefika. Mchana jua linayakausha, uongo unakwisha. Kila nilipobadilisha transista nilipaka mafuta mengine. Wiki tatu nilikuwa nauongeza ugonjwa kwa mikono yangu miwili, tena kwa bidii.

"Na maji ya mvua?" mwalimu akauliza.

"Ya mvua hayana chumvi, hayakuacha kitu yalipokauka. Angeisuuza kwa maji ya ziwa, pengine hali isingekuwa njema hivi."

Akaitoa kalamu tena. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akanionyesha. Nilikuwa nimefaulu, na alama ile ndiyo iliyokuwa ya juu kuliko zote nilizowahi kupewa chuoni. Chini yake aliandika kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa karakana afundishwe kuosha saketi yake baada ya kulehemu. Aliposimama akaniambia kwa sauti ya chini, "Umfikishie mama salamu zangu. Na hilo la kumfokea, si langu kukusahihishia."

Kituoni waliniletea fanta na mandazi. Nilikula kwa kuwa ni adabu, lakini furaha yangu ilikuwa na kokoto ndani yake, na sikuweza kuitafuna hivyo. Saa kumi niliaga. Sikwenda nyumbani. Nilishuka kwenye pikipiki pale Petite Barrière, nikasimama upande wetu karibu na wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma, nikaanza kungojea.

Saa ile wavukaji wanarudi kwa pamoja. Wanapita wapagazi walioinama chini ya magunia, wanapita wanawake wenye mabeseni, wanasalimiana na maaskari kwa lugha tatu. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anatembea polepole, beseni kichwani, mkono mmoja kiunoni, na nilishangaa jinsi alivyoonekana mdogo kati ya watu. Nikaenda nikasimama mbele yake. Aliponitambua, uso ukamsawijika kwa hofu.

"Imekataa?" akauliza. "Mwalimu amekufukuza?"

Sikujua kama nianze na habari au na msamaha. Nikalitoa beseni kichwani pake, nikalitia kichwani pangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na sikuwa nimelibeba tangu nianze chuo, nilikuwa nimeshaliona ni kazi ya wengine. Wanawake aliofuatana nao wakasimama kutazama.

"Mama, nimefaulu," nikasema. "Na ni wewe umeitengeneza. Si mimi. Nimemwambia mwalimu, na amekutumia salamu. Nisamehe ile neno ya jana. Nilikukosea sana."

Akauliza, "Mi nimetengeneza nini?"

Nikamweleza pale pale barabarani. Sikutumia Kifaransa wala Kiingereza, nilitafuta maneno ya nyumbani, na ilinibidi nifikiri kwa bidii kuliko nilivyofikiri mbele ya mwalimu. Nilimwambia habari ya fimbo na maji. Nilipofika kwenye mafuta, kabla sijataja ukungu, alininyooshea kidole.

"Ngoja," akasema. "Asubuhi kule ziwani kunalowana. Ile mafuta ikanywa maji. Donc kengele ikaona maji mu mafuta, ikafikiri ni ya tangi. Njo vile?"

Mimi ilinichukua wiki tatu. Yeye hakuchukua hata dakika tatu, tena akiwa amesimama kwa miguu iliyochoka, watu wakimpita huku na huku. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilishika beseni. Nikaitikia kwa kichwa kwa uangalifu, lisianguke.

"Njo vile, mama. Njo vile kabisa."

Akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kwamba wamesikia. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira tena, na sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kumtajia mteja bei ambayo haitapungua.

"Ile neno yako ya jana ilikuwa kweli," akasema. "Sikusoma. Nilikosa masomo, mwana wangu. Akili sikukosa."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatangulia na beseni lake kupanda njia ya nyumbani.